Koili Hufuata Kichwa

Maboko ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mwaka 1997 wachimbuaji waliripoti fuvu walilolitoa ardhini hapo, la kima aliyeishi miaka milioni 15 iliyopita, karibu zima, matundu ya macho na meno yakiwa mahali pake. Jamii ya kima huyo ilikuwa imekwisha kupewa jina linalotokana na ziwa lenyewe, Victoriapithecus. Ubongo wake ulioza zamani, lakini ubongo unapokua husukuma mfupa na kuuachia alama za mikunjo yake. Mwaka 2015 Lauren Gonzales, Brenda Benefit, Monte McCrossin na Fred Spoor walieleza walichokiona baada ya kulipitisha fuvu hilo katika eksirei za kompyuta zenye ubainifu mkubwa: ubongo wa sentimita za ujazo 36 tu, mdogo kuliko ilivyotarajiwa kwa mnyama wa kimo kile, lakini wenye mikunjo mingi na sehemu kubwa ya kunusia. Kwa upande wa sokwe na binadamu ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba ubongo ulikua kwanza, kisha ukakunjamana. Fuvu la Maboko lilionyesha kwamba kwa kima mikunjo ilitangulia.

Sisi wa Mwanza tuko upande wa kusini wa maji hayohayo, na jamaa za kima huyo bado tunaishi nao. Wapo tumbili wa Kisiwa cha Saanane, mbele kabisa ya jiji, na wapo sokwe wa Rubondo, kizazi cha wale ambao Bernhard Grzimek aliwatoa Ulaya na kuwaachia kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969. Nasi wenyewe tumo katika ukoo huo, na hilo nitalirudia, kwa sababu ubongo ninaotaka kuufikia katika simulizi hii ni wa mtoto mchanga wa kando ya ziwa.

Eksirei husoma mfupa vizuri. Ubongo hai ni laini, ni maji na mafuta yaliyopangwa kwa tabaka, na eksirei huliona tabaka moja kama jingine. Kuutazama bila kulifungua fuvu kunahitaji mashine ya MRI, na ndani ya mashine hiyo kipo kifaa ambacho mgonjwa hukiona kama kofia ya plastiki anayovikwa kabla ya kusukumwa ndani. Kifaa hicho ni koili ya mawimbi ya redio. Sumaku ndiyo inayosifiwa na ndiyo inayotajwa kwenye bei. Kwa maoni yangu, historia ya picha za ubongo inaeleweka vizuri zaidi ukiifuata koili.

Kazi yake ni hii. Kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili, na kiini cha haidrojeni, yaani protoni, hufanya kama sumaku ndogo. Protoni ikiwekwa ndani ya sumaku kubwa huyumba kwa mwendo maalumu: mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja ya nguvu. Ukiipiga kwa wimbi la redio la masafa hayohayo huinama. Ukilikata wimbi, inajirudi taratibu huku ikitoa wimbi lake lenyewe, dhaifu mno. Koili ndiyo inayopiga, na koili ndiyo inayopokea jibu. Kama jibu halikupokelewa vizuri, hakuna kompyuta itakayolirudisha.

Paul Lauterbur alichapisha picha yake ya kwanza kwa njia hii mwaka 1973, ya mirija miwili midogo ya maji. Peter Mansfield wa Nottingham aliongeza hisabati na kasi, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Koili za miaka ya mwanzo zilikuwa mizinga inayozunguka kitu kizima kinachopimwa. Mwaka 1980 kundi la Oxford lilijaribu jambo rahisi: walichukua kitanzi kidogo cha waya wakakiweka juu ya ngozi ya mnyama, karibu na mahali walipopataka. Jibu likaja kwa nguvu, kwa sababu mbili. Kitanzi kilikuwa karibu na chanzo, na hakikusikia kelele za sehemu nyingine za mwili. Udhaifu wake ulikuwa kina: kitanzi huona vizuri hadi umbali unaokaribiana na nusu ya upana wake, na zaidi ya hapo picha hufifia.

Kwa kichwa kizima, Cecil Hayes na wenzake katika kampuni ya General Electric walileta mwaka 1985 koili yenye umbo la tundu la ndege: pete mbili zilizounganishwa na fito za shaba, zenye kapasita zilizopangwa ili mkondo wa umeme uzunguke na kutoa uga sawasawa katikati. Umbo hilo liliingia hospitali za dunia nzima. Mwaka 1990 Peter Roemer na wenzake, nao wa General Electric, waliunganisha mawazo yote mawili: vitanzi vidogo vingi vikizunguka mwili, kila kimoja na kipaza mawimbi chake. Tatizo lililowasumbua ni kwamba vitanzi jirani huambukizana mawimbi, kikipokea kimoja kinamtikisa mwenzake. Wakagundua kwamba vikilaliana kwa kiasi fulani hasa, maambukizi ya huku yanafuta ya kule. Kiasi hicho hutafutwa mezani, kwa kusogeza shaba milimita moja moja huku macho yako kwenye kioo cha kipimo. Mpaka leo mjenzi wa koili huanza hapo. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zürich waliongeza faida nyingine: kwa kuwa kila kitanzi kinaona kichwa kutoka upande wake, tofauti hizo zinaweza kutumika kufupisha muda wa kupiga picha.

Huku koili zikizidi kusogea karibu na kichwa, sumaku zilizidi kupanda: tesla 1.5, kisha 3, kisha 7. Sababu ni ya kifizikia na ni ya kweli. Nguvu ya sumaku ikipanda, jibu la protoni hupanda nayo, na picha huonyesha vitu vidogo zaidi. Lakini masafa pia hupanda. Kwa tesla 7 koili hufanya kazi karibu na megahezi 298, na ndani ya ubongo urefu wa wimbi hupungua hadi takriban sentimita 13, mfupi kuliko kichwa cha mtu mzima. Mawimbi yanaanza kugongana ndani ya kichwa. Mahali pengine yanajumlishana, mahali pengine yanafutana, na picha inatoka na madoa ya mwanga na giza. Koili moja ya kupiga haitoshi tena. Zinatakiwa kadhaa, kila moja na nguvu yake na zamu yake, ili zisawazishane.

Hapo ndipo kima walipoingia. Wachunguzi wa ubongo hutumia sana makaki, kima wa Asia ambaye ubongo wake una ujazo wa karibu sentimita 90, dhidi ya 1,300 na zaidi za mwanadamu. Ili uone katika ubongo huo maelezo yaleyale, kila chembe ya picha lazima iwe ndogo mara nyingi, na chembe ndogo ina maji machache, na maji machache yana sauti ndogo. Koili ya binadamu haimfai. Kofia inabaki kubwa, vitanzi vinakaa mbali na fuvu, na kilichopatikana kwa sumaku kinapotea kwa umbali. Tena kichwa cha makaki hakifanani na chetu. Misuli ya taya hupanda juu pande zote mbili na kuuweka ubongo mbali na ngozi, uso unachomoza mbele, na lazima pabaki nafasi ya vishikizo vya kichwa, ya mrija wa kupumulia, na mara nyingine ya vifaa vilivyopandikizwa na daktari.

Maabara ya Chuo Kikuu cha Western, katika mji wa London nchini Kanada, ndiyo iliyofanya kazi ambayo naiona ya mfano. Mwaka 2016 Kyle Gilbert na wenzake walichapisha koili ya makaki kwa tesla 7, yenye njia 8 za kupiga na 24 za kupokea, iliyojengwa kwa kulifuata umbo la kichwa cha kima. Mwaka 2021 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza koili ya tesla 10.5, ambako masafa hufika takriban megahezi 447: antena 8 za fimbo zinazopiga na kupokea, na vitanzi 24 vya kupokea tu. Katika kazi za namna hii kuna ufundi ambao mtu wa karakana yoyote ataupenda. Shaba lazima iwe nyembamba na ngumu. Kila kitanzi kina diodi inayokizima wakati koili kubwa inapopiga, maana kikibaki wazi kinaweza kuunguza ngozi. Kila waya unaotoka una kizuizi cha kuukataza usigeuke antena. Vyote hivyo vinabanwa ndani ya kofia inayoingia kiganjani.

Sipuuzi swali la mnyama. Makaki hakuomba kuingia humo. Ninachoweza kusema kwa dhati ni kwamba kila hatua ya koili bora humfanya mnyama mmoja apimwe mara nyingi kwa miaka, akiwa hai, badala ya wanyama wengi kuuawa ili bongo zao zikatwe vipande. Hilo ni jambo la thamani, na wajenzi wa koili wanastahili sehemu ya sifa hiyo.

Sasa turudi ziwani. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoitazama Mwanza, na kwa nusu karne imepokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa na mikoa jirani. Miongoni mwao ni watoto wenye kichwa kikubwa: maji ya ubongo yamekosa njia ya kutokea, yanajikusanya ndani, fuvu la mtoto ambalo bado halijafunga linatanuka, na ubongo unabanwa ukutani. Mwaka 2017 madaktari waliofanya kazi Bugando na wenzao wa chuo cha Weill Cornell cha New York walichapisha makala kuhusu watoto hao, na kichwa cha makala kilisema wazi kwamba hii ndiyo hali ya upande wa Tanzania wa ziwa. Upande wa pili ulikuwa umekwisha kusimuliwa. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliripoti mwaka 2005 kuhusu watoto 300, na zaidi ya nusu yao kichwa kilikua baada ya maambukizi, mengi ya wiki za kwanza za uhai.

Warf alikuwa na sababu ya kutafuta tiba isiyotegemea mpira wa kupitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huziba, na mama anayeishi siku mbili kutoka hospitali hawezi kumrudisha mtoto kwa wakati. Njia yake ilikuwa kutoboa mlango mdogo ndani ya ubongo ili maji yapite yenyewe, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio la watoto 100 wa Mbale yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja akili za watoto wa njia hiyo na za wale wa mpira hazikutofautiana kwa kiasi cha kupimika. Mwaka 2020 kundi la mtafiti Steven Schiff likataja bakteria waliokutwa katika maji ya ubongo ya watoto wa Uganda wenye ugonjwa huo baada ya maambukizi, aina ya Paenibacillus.

Watoto hawa wanahitaji picha, na wanaihitaji tena na tena: kabla ya upasuaji, baada yake, na mwaka unaofuata. Siti skani huipata kwa eksirei, na mionzi hiyo si ya kurudiarudia kwa ubongo wa miezi mitatu. MRI haina mionzi hiyo, lakini sumaku ya kawaida ya hospitali hutaka heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, umeme usiokatika na chumba kilichofunikwa shaba. Schiff na wenzake walijiuliza swali ambalo, kwangu, ndilo muhimu kuliko yote: daktari wa upasuaji anataka kuona nini hasa? Anataka kujua maji yako wapi, ni mengi kiasi gani, na kama yamegawanyika vyumba. Hahitaji chembe za makaki wa Minnesota.

Na kwamba sumaku dhaifu inaweza kusema jambo kubwa, Malawi ilikwisha kuthibitisha. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Terrie Taylor na wenzake walitumia mashine ya tesla 0.35 kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Mwaka 2015 waliripoti watoto 168. Waliofariki walikuwa 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu siku walipoingia wodini. Kwa walionusurika hali hiyo ilionekana kwa karibu robo tu. Kwa miongo mingi watu walikuwa wakibishana nini hasa huwaua watoto hawa. Kwa sisi tunaoishi na malaria kando ya ziwa, picha zile zilikuwa habari kubwa, na zilitoka kwenye mashine ambayo hospitali nyingi za Ulaya zisingeitaka.

Johnes Obungoloch, Mganda, alisomea uzamivu Pennsylvania chini ya mradi wa Schiff. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha muundo wa mashine ndogo kwa ajili ya watoto wenye kichwa kikubwa, naye alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Wakati huo Andrew Webb na Tom O'Reilly huko Leiden, pamoja na Martin van Gijzen wa Delft, walikuwa wakijenga sumaku ya namna nyingine. Walichukua mpangilio ambao Klaus Halbach wa Berkeley alikuwa ameueleza mwaka 1980: vipande vya sumaku ya kudumu vikipangwa duara, kila kimoja kikigeuzwa kidogo kumpita mwenzake, nguvu yote hukusanyika ndani na nje hubaki kidogo sana. Hakuna heliamu, na sumaku yenyewe haitaki umeme hata kidogo. Nguvu yake ni tesla 0.05, mara 210 chini ya ile ya Minnesota.

Mwaka 2022 vipuri vyote na zana zake vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Uganda. Huko Mbarara wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwahi kuifanya kazi hiyo walianza kwa kupima vipande vya sumaku kimoja kimoja na kuvipanga kwa nguvu zake, wakavijaza katika pete, wakasogeza pete 23 mpaka uga ukanyooka, wakatengeneza koili za mteremko zinazoipa picha mahali, wakaunda toroli la alumini, na wakawasha spektromita, chombo cha kutuma na kusoma mawimbi, ambayo programu na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Tangu mzigo kufika hadi picha ya kwanza zilipita takriban siku 11.

Koili ya mashine hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Katika sumaku za hospitali uga hulala kwa urefu wa tundu, sambamba na mgonjwa, kwa hiyo koili lazima iwe ya tundu la ndege au vitanzi, maana wimbi la redio linatakiwa kulikata lile la sumaku. Katika sumaku ya Halbach uga hukata tundu kwa upana. Koili inaweza basi kuwa ya umbo la zamani kuliko yote: waya unaozungushwa kichwani mzunguko baada ya mzunguko, kama mwanafunzi wa sekondari anavyozungusha waya kwenye msumari. Umbo hilo hupokea vizuri kuliko tundu la ndege. Na hapa kuna geuzo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa masafa ya juu kelele nyingi hutoka mwilini mwa mgonjwa, na mjenzi hana la kufanya isipokuwa kusogea karibu na kugawanya vitanzi. Kwa megahezi 2.13, masafa ya mashine ya Mbarara, mwili una kelele ndogo. Kelele inatoka kwenye waya wenyewe. Maana yake kila uboreshaji wa waya huonekana kwenye picha. Mkondo hutembea juujuu ya shaba, ndani ya unene wa sehemu ya ishirini ya milimita, kwa hiyo waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosukwa, kila uzi na gamba lake, unaweza kushinda waya mmoja mnene. Mikono ya fundi inaongeza kitu ambacho fedha pekee haiongezi.

Kelele ya pili hutoka nje, na hapa ziwa lina neno lake. Megahezi 2 ni jirani wa mawimbi ya redio ambayo wazee wetu walisikiliza usiku, na kila aliyesikiliza anajua radi inavyokwaruza. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi, hasa usiku. Ongeza chaja, taa za kisasa na jenereta. Mtoto aliyelala nusu ndani na nusu nje ya mashine hugeuka antena, anakusanya makelele hayo kwa miguu na kuyaingiza kwenye koili, kwa hiyo lazima afunikwe kwa kitambaa chenye nyuzi za chuma au kelele zipimwe pembeni na kutolewa kwa hesabu.

Kuna pia joto. Sumaku ya neodimiamu hupoteza karibu sehemu 1,200 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa megahezi 2.13 hiyo ni zaidi ya kilohezi 2.5. Chumba kisicho na kiyoyozi kikipanda nyuzi 10 kati ya alfajiri na saa nane mchana, protoni zinahama kilohezi 25, na koili iliyosukwa vizuri huweza kuwa na upana wa kusikia usiozidi hapo. Koili bora zaidi ndiyo inayopotea haraka zaidi. Fundi atachagua: kuilegeza kidogo na kupoteza sauti, au kuweka kapasita ya kugeuza na kuirekebisha kila mtoto anapoingia. Leiden, ambako chumba kina joto moja mwaka mzima, uchaguzi huo haukazi sana.

Mwisho ni kipimo cha kichwa. Kofia inayouzwa pamoja na mashine za kigeni hupimwa kwa mtu mzima, au kwa mtoto ambaye kichwa chake kimekua inavyotakiwa. Mtoto wa Sengerema au Ukerewe anayeletwa Bugando akiwa amechelewa ana kichwa kilichotanuka juu, uso mdogo chini yake na shingo isiyoweza kukibeba. Kwake koili inatakiwa iwe ya umbo la yai, pana nyuma kuliko mbele, yenye mto wa kuushika uzito wote, na iliyo wazi usoni ili mama amwone na daktari wa usingizi afikie pua. Wale wa Kanada waliposhughulikia makaki walianza na umbo la kichwa chake. Kwa watoto wetu hatua hiyo ya kwanza inahitaji futi ya kupimia, daktari wa watoto na fundi wa umeme kuketi chumba kimoja, na hao watatu Mwanza inao.